Mawe ya Vichwa vya Chumvi

Mimi ni mwoga. Niseme mapema, maana watu wakisikia nimemaliza maisha yangu ya kazi nikiendesha treni hunitazama kama mtu aliyewahi kushika simba mkia. Nilikuwa naogopa nikipanda, naogopa nikishuka, na kati ya Kigoma na Tabora nilikuwa naogopa bila kupumzika. Mke wangu alinizoea. Asubuhi za safari alikuwa akiniuliza kama nimekwenda chooni, na hakuwa akitania.

Si treni zote zilizonitisha. Ilikuwa aina moja ya vichwa vya dizeli, vile vilivyoletwa kwa ajili ya mizigo. Kwenye vitabu vya kazi vilikuwa na namba zao, lakini sisi wa reli tuliviita vichwa vya chumvi, kwa sababu kazi yao ya kwanza upande wetu ilikuwa kuvuta chumvi ya Uvinza. Leo havipo tena njiani. Vijana wa karakana wanaviona kwenye picha ukutani na kuniuliza vilikuwaje. Huwa nawajibu kwamba vilikuwa na nguvu sana na havikuwa na huruma, kisha nabadilisha mazungumzo.

Cha kwanza kilipoingia Kigoma nilikuwa shule ya msingi. Baba yangu alikuwa kuli bandarini, akanishika mkono tukaenda kukiona. Mji mzima ulikuwa pale. Tulizoea vichwa vya mvuke, na kichwa cha mvuke hakifichi kitu: unaona moto, unaona maji, unaona mtu mweusi kwa masizi akitupia makaa, unajua kabisa kinachokisukuma. Hiki kilikuja kimefungwa pande zote kama kabati. Kilinguruma chini kwa chini, mngurumo unaousikia kwenye nyayo kabla haujafika masikioni. Nikamuuliza baba moto uko wapi. Akasema uko ndani. Nikamshika shati, na sikuliachia mpaka tulipofika nyumbani, mtaa wa Mwanga. Jambo hilo, kwamba moto upo ila huuoni, sikulipenda siku ile na sijalipenda hadi leo.

Ajabu ni kwamba nilikwenda kuomba kazi kwa vitu hivyo hivyo. Nilianza kwa kuviosha, nikawa msaidizi, baadaye nikawa dereva. Kwa miaka mingi ya mwanzo havikutupa taabu. Vilitengenezwa kwa ajili ya uzito, si kwa mbio. Ungeviwekea saruji, mafuta, mbao, magunia ya kahawa yaliyovuka ziwa, navyo vingepanda mlima taratibu bila kulalamika. Treni za abiria zilipewa vichwa vingine, vyepesi na vyenye mbio, na madereva wake walikuwa wakivaa miwani ya jua na kutudharau. Sisi tulikuwa watu wa mizigo. Mzigo ukichelewa haukutukani, na ukianguka haulii. Mwoga kama mimi hakuwa na mahali pazuri zaidi.

Kisha vikazeeka. Vipuri havikuja, au vilikuja vya aina nyingine. Karakana ikaanza kuchukua kwa mgonjwa huyu kumpa mgonjwa yule, mpaka ukipanda kichwa hujui ni kipi hasa: pampu ni ya kile kilichoanguka, feni ni ya kile kilichoungua, kiti ni cha kile kilichokatwa vyuma. Vichache vilibaki vikitembea. Na vilikuwa na ugonjwa mmoja wa pamoja: vikipata joto sana mlimani, maji yakivuja, injini hujizima yenyewe ili isiungue. Aliyevibuni alifanya jambo la busara. Ila hakuwahi kukaa navyo kwenye mteremko wa juu ya mto Luiche.

Hapo sharti nieleze kuhusu breki, na nitaeleza kwa ufupi. Breki za mabehewa yale zilitegemea injini kunyonya hewa kwenye bomba refu lililopita chini ya treni nzima. Injini ikinyonya, breki zinaachia. Injini ikifa, hewa inarudi kwenye bomba na breki zinakamata kila gurudumu. Mgeni akisikia hivyo hupumua. Lakini mabehewa mazee yanavuja, na breki zilizokamata huanza kulegea pole pole, bila sauti, wakati wewe unafuta jasho. Kwa hiyo treni ikifia mlimani, jambo la kwanza ni kukaza breki za mkono zile zinazofanya kazi bado, na kuweka kabari nyuma ya magurudumu. Kabari ni za mbao. Zikikosekana, ni mawe.

Ndipo ikaja miaka ya wakimbizi. Watu walivuka ziwa kwa mitumbwi, wengine walishukia Mwamgongo na vijiji vya kando ya Gombe, wengine wakaja moja kwa moja mjini. Waliokuja kutoka Burundi walipita pia kwa miguu kwenye vilima. Viwanja vilijaa, nyua za makanisa zikajaa, na Ujiji watu waliwafungulia vibaraza wageni wasiowajua. Magunia ya mahindi na maharage yakaanza kuja kwa treni, na treni ilipogeuza ikaambiwa ichukue watu kuwapeleka kwenye kambi za huko mbele. Vichwa vya abiria havikutosha. Wakubwa wakatutazama sisi.

Siku moja nikapangiwa mabehewa ya watu. Yalikuwa mabehewa ya mizigo yaliyofunikwa, milango imeachwa wazi, na katika kila mlango kulikuwa na nyuso zimepangana. Mzigo wangu ulikuwa unanitazama. Msaidizi wangu, mtu wa mtaa wa Kasingirima, mcheshi na mswalihina, aliniona nilivyo akanipiga bega.

"Kaka, leo usiendeshe. Wewe kaa uogope tu, mimi nitaendesha."

"Na ukikosea?"

"Nikikosea si utakuwa umeshaogopa vya kutosha?"

Tuliondoka asubuhi. Ziwa likabaki nyuma, tukapita mashamba ya michikichi, tukaanza kupanda. Nilikuwa nasikiliza injini kama mtu anayesikiliza pumzi ya mtoto mwenye homa. Jua lilipokuwa utosini, sehemu ambayo njia imechongwa kwenye ubavu wa kilima na chini kuna bonde la mto na daraja, mshale wa joto ukapanda, mngurumo ukakata mara moja, na kukawa kimya. Treni ikasukumana nyuma kidogo, breki zikakamata, tukasimama.

Ukimya wa kichwa cha chumvi kilichokufa sijaupata mahali pengine popote. Nilisikia panzi kwenye majani. Nilisikia mtoto akikohoa behewa la nne au la tano.

Tuliruka chini. Gadi, mzee mmoja aliyekuwa akikaa behewa la nyuma kabisa, alikuwa tayari anakuja akikaza breki za mkono. Nyingi zilizunguka bure mkononi mwake. Kabari za mbao tulikuwa nazo chache mno, maana kuni zilipokuwa ghali kabari zilikuwa zinapotea zenyewe yadini. Basi tukaanza kuokota mawe. Tulizoa kila jiwe la maana kwenye ubavu ule wa kilima, sisi watatu na vijana wachache waliojitolea, tukayapachika nyuma ya magurudumu kuanzia kichwani mpaka kwa gadi. Tulipomaliza hapakuwa na jiwe lingine pale, udongo mwekundu tu na kokoto za reli.

Gadi akaniambia tuwashushe watu. Nilikwenda kwenye milango nikisema shukeni, shukeni mpumzike. Hawakushuka. Mwanamke mmoja, mwenye sufuria jeusi mapajani na mtoto amelala begani, alinitazama bila kupepesa.

"Muzee, munatushusha hapa mutuache?"

"Hapana mama. Kichwa kimepata joto. Tutatia maji, tutaondoka."

"Kule kwetu pia walisema shukeni."

Nilimwonyesha kofia yangu ya kazi, sijui kwa nini, kana kwamba kofia ni kiapo. Mwishowe mtoto wake alitapika kwa joto, mama akashuka naye, na wengine wakamfuata. Wagonjwa na wazee walibaki ndani. Sikuwaambia habari ya breki. Watu waliokimbia risasi, wakavuka maji usiku wakiwa wamelaliana, huwaambii kwamba na treni nayo inaweza kuwakimbiza. Hata leo nisingewaambia.

Bomba la maji lilikuwa limepasuka. Tulilifunga kwa mpira wa tairi na waya, kazi tuliyoijua vizuri. Kilichobaki ni maji. Vijana wakashuka bondeni na madumu, wakasimama kwa mstari kwenye ubavu wa kilima, dumu linapita mkono hadi mkono mpaka kwangu, nami nimesimama juu kwenye ubao wa pembeni wa kichwa, namimina. Kichwa kilikunywa. Kilikunywa na kunywa, kinatoa mvuke na kunuka kutu, na sikuona mwisho wake. Muda ulikuwa unakwenda. Kila nikimimina dumu nilifikiria hewa inayopenya kwenye mabomba mazee huko nyuma, nami nikamwambia anayeniletea afanye haraka, kwa ukali, mpaka msaidizi akaniambia nisiwatishe watoto wa watu.

Nilisikia harufu ya moshi wa kuni. Nilifurahi, niseme kweli. Nikafikiri, vizuri, wanapika, wametulia, mtu aliyetulia anapika. Sikufikiri zaidi ya hapo.

Kisha nikaona jani likipita.

Lilikuwa jani la mti mmoja mdogo ulioota karibu na reli, sawasawa na ngazi ya kichwa. Nilikuwa nimelitazama kila nikiinamia dumu. Sasa lilikuwa mbele ya ngazi. Nikalitazama tena, likasogea. Miti haisogei. Nilielewa kwa miguu, kama siku ile ya baba, kabla akili haijafika. Tulikuwa tunarudi nyuma.

Taratibu sana. Mtu mzima angetembea kutupita. Nilipogeuka kutazama treni yote ilivyojipinda kwenye ubavu wa kilima, niliona sababu. Kando ya magurudumu, kila baada ya hatua chache, kulikuwa na moto, na juu ya moto sufuria, na chini ya sufuria mawe. Mafiga. Tulikuwa tumezoa mawe yote ya kilima kile tukayaweka pamoja mahali pamoja, na akina mama waliokuwa na watoto hawajala tangu jana walitafuta mafiga, wakayakuta yamepangwa tayari chini ya behewa. Mwanamke gani angeyaacha?

Na kwa kuwa jua lilikuwa kali na hapakuwa na mti wa kivuli, watoto walikuwa wamelazwa chini ya mabehewa. Katikati ya reli. Kwenye kivuli.

Nikapiga kelele. Sikumbuki nilisema nini. Msaidizi anasema nilikuwa nasema mawe, mawe, mawe, na kwamba sijawahi kuitwa mwendawazimu kwa haki kama siku ile. Yeye aliruka kutoka kichwani akakimbia kandokando ya treni akiita kwa Kiha na kwa Kiswahili, warudishe mawe, warudishe mawe. Watu wakasimama wakamtazama. Wengine walianza kukimbia kuelekea porini, maana walikuwa wamefundishwa na maisha kwamba mtu akikimbia akipiga kelele, kimbia na wewe, utauliza baadaye.

Yule mwanamke wa sufuria jeusi hakukimbia. Alikuwa behewa la pili kutoka kwangu, nilimwona vizuri. Alitazama gurudumu, akatazama chini ya behewa, mahali alipomlaza mtoto wake, akatazama mafiga yake. Akalipiga sufuria teke, uji ukamwagika motoni. Akaingiza mikono yote miwili kwenye majivu, akang'oa jiwe, akalibeba kifuani, akalisukuma nyuma ya gurudumu. Gurudumu likalipanda, likalisaga, likateleza, likakaa. Akarudi kuchukua la pili.

Wanawake wengine walimwona. Hapo ndipo nilipoyaona masufuria yakipinduka, moja baada ya jingine, kuelekea nyuma mpaka kwa gadi, na wanawake wakichomoa mawe motoni kwa khanga, kwa majani, kwa mikono mitupu. Nilisikia chuma kikilalamika juu ya mawe. Treni ikatetemeka, ikavuta pumzi yake ya mwisho ya kurudi nyuma, ikasimama.

Niliteremka. Mwanamke alikuwa ameingia chini ya behewa, akatoka na mtoto. Mtoto hakuwa ameamka. Alikuwa na alama za kokoto shavuni, na mdomo wazi, analala kama watoto wote wanavyolala.

Nilikaa chini kwenye reli nikalia. Sikuona haya. Msaidizi alikaa karibu nami.

Maji yalijaa. Injini ikawaka kwa mara ya kwanza, jambo ambalo vichwa vile havikuwa na desturi ya kulifanya, ikaanza kunyonya hewa, na mshale wa breki ukapanda mahali pake. Sasa ilibidi mawe yaondolewe, maana ukiondoka nayo, gurudumu linalofuata litayagonga na behewa litatoka njiani. Breki zilikuwa mkononi mwa msaidizi, anaweza kuzikamata upya wakati wowote, injini iko hai, hapakuwa na hatari. Nilijua hivyo. Nilikuwa nimelifundisha jambo hilo kwa wengine. Lakini nilipotembea kando ya treni nikisema, haya, ondoeni mawe, hakuna aliyeinama. Walikuwa wamesimama, watoto mikononi, wananitazama.

Nilifika kwake. Alikuwa amekaa karibu na jiwe lake, mikono ameifunga kwa kipande cha kitenge kilicholowa maji ya bondeni. Nikamwambia, mama, sasa ni salama, injini imewaka, tuondoe jiwe twende.

"Oya," akasema, akatikisa kichwa kukataa. Kisha akaongeza, kwa upole, kama anayemwelewesha mgeni: "Ondoa wewe, muzee. Miye nililiondoa mara moja."

Basi niliondoa mimi. Nilipiga magoti, nikashika jiwe, lilikuwa bado na moto ndani yake ambao huuoni kwa nje, nikalitoa huku macho yangu yako kwenye gurudumu na si kwenye mikono. Gurudumu halikusogea. Nikaenda kwa jingine. Niliyaondoa yote, behewa hadi behewa, mpaka kwa gadi, na nyuma yangu watu walipanda. Mimi, mwoga wa mji mzima, ndiye niliyeaminiwa siku ile kuliko injini.

Tulifika kambini jua linazama. Alishuka na mtoto mgongoni na sufuria tupu kichwani, akalishikilia kwa viganja vilivyofungwa. Sikumuuliza jina. Sikumwona tena.

Vichwa vya chumvi viliendelea miaka michache. Kimoja kiliungua, viwili vilivutwa kwenda kukatwa vyuma, vingine sijui. Cha mwisho upande wetu, kile kile nilichokuwa nacho siku ile, kilisukumwa kwenye njia ya pembeni mwishoni mwa yadi ya Kigoma, kikaachwa. Majani yameota kwenye ngazi zake. Mbuzi wanalala chini yake mchana, na wakati mwingine watoto wa jirani.

Pale ni tambarare kabisa. Ungekiachia bila breki kingekaa mpaka kiyama. Hata hivyo yeyote aliyekileta aliweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, kama kazi inavyotaka. Mimi ni mstaafu sasa, na nikitoka sokoni Mwanga hupitia huko, ingawa si njia yangu. Juzi nilipopita nikakuta jiwe moja halipo. Karibu na ukuta kulikuwa na mama mmoja anauza mihogo ya kukaanga, karai lake limekaa juu ya mafiga matatu, na moja nililitambua kwa rangi.

Sikumwambia kitu. Anahitaji mafiga yake. Nilizunguka yadi nzima, mzee mwenye mfuko wa nyanya, mpaka nikapata jiwe jingine la kufaa. Nikapiga magoti nikalipachika nyuma ya gurudumu, nikalisukuma kwa mikono miwili mpaka likakaza. Kisha nikainama nikachungulia chini ya kichwa, nione kama hakuna mtoto aliyelala.

Palikuwa na mmoja. Nilikaa pale mpaka alipoamka.